Sauti ya Mama Yetu Kwenye Muziki wa Mbio

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya karo ya shule na maji ya kunywa. Tunataka kuongea juu ya ule muziki wa mbio unaotikisa madirisha yetu kila Ijumaa jioni, na juu ya mashini zinazojifunza. Mtauliza mambo hayo mawili yamekutana wapi. Yamekutana ndani ya kikundi chetu, ndiyo sababu tunaandika.

Tuanze na muziki. Hapa Kalemie vijana wanaita kila muziki wa mbio singeli, hata ule usio singeli. Singeli yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa ya watu wa kipato kidogo kama Manzese, Tandale na Mburahati. Ilitoka kwenye mchiriku, muziki wa sherehe za mitaani uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio. Watengenezaji walichukua vipande vya taarab, ile ya wamama wanaosikiliza kwa utulivu na kutunza waimbaji, wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka vikawa kitu kingine kabisa. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo unaoitwa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo muziki huo ukaanza kuchezwa pia kwenye vilabu vya Ulaya. Kwetu sisi haukupitia Ulaya. Ulivuka ziwa, ndani ya telefone za vijana wanaofuata bidhaa Kigoma.

Mbio yake ni ya kushangaza. Mkunga akisikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni anatazamia mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Singeli inakwenda 200, na mara nyingine inakaribia 300. Kati yetu kuna muuguzi. Alisema mgonjwa akimfikia na mapigo kama hayo hataandika hata jina lake, atamwita daktari kwanza. Tulicheka sana. Lakini muuguzi huyo huyo, siku ya arusi ya mdogo wake, alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Kwa hiyo hatuandiki kulalamikia kelele. Kelele ni jambo la kuongea na mwenye nganda, saa ya kufunga ijulikane, basi. Wala tusiseme muziki wa namna hiyo ni ugeni uliotuvamia. Hapa Kongo, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono Nº1 la Kinshasa waliiunganisha likembe na umeme kwa kutumia sumaku za vipuri vya magari vilivyotupwa, na mwaka 2004 sahani yao ya Congotronics ikawafanya watu wa mbali wasikilize. Kuchukua kitu kidogo kilichopo na kukipigisha kelele kubwa ni ufundi wetu wa zamani.

Kijana tunayemzungumzia ana miaka 19, na alipita darasani kwetu alipokuwa mdogo. Tulikuwa tunamjua kwa kupiga meza kwa vidole wakati wa somo la hesabu. Sasa ana mashini, kompyuta ya mkono wa pili ambayo betri yake imekufa, hivyo anafanya kazi wakati umeme upo tu. Programu anayotumia ni FL Studio. Inatengenezwa na kampuni ya Ubelgiji. Ndiyo, Ubelgiji, na tusikae hapo sana. Alitufungulia tuone. Kuna mistari, na kila mstari una visanduku 16. Mstari mmoja ni wa ngoma kubwa, mwingine wa makofi, mwingine wa kengele. Ukijaza kisanduku, kinalia. Ukikiacha kitupu, kinanyamaza. Mashini inapita kutoka kushoto kwenda kulia, ikifika mwisho inarudi mwanzo, tena na tena. Sisi tunaofundisha tuliangaliana. Ni somo la sehemu! Watoto wanaosinzia tukiandika 1/16 ubaoni, usiku wanaruka juu ya hiyo 1/16 mpaka viatu vinakatika.

Halafu alituonyesha jinsi ya kuweka sauti ya mtu. Anachukua sauti iliyorekodiwa kwenye telefone, anakata kipande cha sekunde 2, anakifanya kijirudie. Kama anataka mbio mara mbili, anakibana kiishe kwa sekunde 1. Ukibana sauti kwa njia hiyo ya kawaida, inapanda juu: sauti nzito ya mama wa miaka 60 inatoka kama ya mtoto wa miaka 6.

Na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Katika kikundi chetu alikuwepo mama mmoja mkubwa aliyetuongoza katika nyimbo. Arusi, kupokea mtoto mchanga, kilio, yeye ndiye alianzisha na sisi tukaitikia. Mwaka jana alituacha. Kabla ya hapo, kwenye arusi ya binti wa jirani, mmoja wetu alikuwa amerekodi wimbo kwa telefone, akautuma kwa wengine, nao wakautuma kwa wengine, kama tunavyofanya sote. Miezi kadhaa baada ya kilio, binti ya marehemu alikuwa akitoka sokoni na kupita mbele ya nganda moja karibu na bandari. Akasikia kigelegele cha mama yake kikitoka kwenye bafle, kimekimbizwa, kimekuwa chembamba kama cha mtoto, na chini yake ngoma zinakwenda mbio kama mvua juu ya mabati. Watu wanacheza.

Tulimwuliza alijuaje kwamba ni yeye. Wale waliomjua marehemu hawakuhitaji jibu. Alikuwa na namna ya kukata kigelegele katikati, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni, halafu anakiendeleza. Mashini ilibana kila kitu lakini ule mkato ulibaki.

Binti aliweka kapu chini, akakaa kando ya barabara. Hakuingia ndani ya nganda. Jumamosi iliyofuata alileta jambo kikundini.

Tuligawanyika, tusifiche. Wengine walitaka kijana apelekwe kwa chifu wa kartiye alipe faini. Wengine walisema ni heshima, mwenzetu amekuwa msanii baada ya kufa, wangapi wanapata hiyo? Binti alisema maneno machache: "Hakuna aliyeniuliza." Kijana aliitwa, akaja na mama yake mzazi, akakaa kwenye kiti cha mwisho. Alisema: "Mama zangu, mimi sikuingia nyumba ya mtu. Ule wimbo ulinifikia kwenye telefone kama ulivyowafikia wengine. Niliipenda ile sauti. Sikujua kama amekufa." Hakuongopa. Na binti hakuongopa.

Ndipo mmoja wetu aliuliza jambo lililofanya mkutano uende mpaka jua kuzama: kama kijana mmoja mwenye mashini bila betri anaweza kuchukua sauti yetu hivyo, wale wenye mashini kubwa kubwa wanachukua nini?

Tulikwenda kutafuta kuelewa, kwa maana kazi ya mwalimu ni hiyo. Siku hizi kuna mashini zinazotunga muziki zenyewe: unaandika "nataka muziki wa kucheza, wa mbio, wenye makofi", nayo inatoa. Ili ijue, lazima isikilize kwanza. Mwaka 2023 watafiti wa Google walieleza mashini yao inayoitwa MusicLM. Walisema ilifundishwa kwa saa 280,000 za muziki. Tuligawanya ubaoni: kwa mtu asiyelala wala kula, ni karibu miaka 32 ya kusikiliza. Njia ya namna hiyo inakusanya kila kitu mahali pamoja, katika ghala moja. Mwezi wa 6 mwaka 2024 makampuni makubwa ya muziki, Universal, Sony na Warner, yalizishitaki huko Marekani kampuni za Suno na Udio, yakisema nyimbo zao zilitumiwa kufundisha mashini bila ruhusa. Wao wana mawakili. Wamama wanaoimba kwenye kilio hawana.

Lakini tuligundua kuna njia nyingine, na tungependa kila kikundi cha wamama kiijue, hata kama hakitawahi kugusa kompyuta. Inafanana na kazi tunayoifanya shuleni. Fikirini mkaguzi anataka kujua watoto wa mji mzima wanashindwa wapi katika hesabu za sehemu. Anaweza kuagiza madaftari yote yapelekwe ofisini kwake. Yatajaa chumba, mengine yatapotea, na kila mtu atasoma makosa ya mtoto wako pamoja na jina lake. Au anaweza kutuma karatasi moja kwa kila mwalimu: angalia madaftari yako mwenyewe, andika hesabu tu, unirudishie. Madaftari hayatoki darasani. Yeye anajumlisha hesabu za shule zote, darasa la wanafunzi 60 likiwa na uzito kuliko darasa la 20, halafu anawatumia walimu wote mpango wa kufundisha uliorekebishwa. Baada ya juma wanarudia tena.

Mashini nazo zinaweza kujifunza hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Google, Brendan McMahan na wenzake, waliandika jinsi ya kufanya, na mwaka 2017 kampuni ikatangaza kwamba inaijaribu kwenye kibodi ya telefone inayoitwa Gboard, ile inayokukisia neno linalofuata unapoandika. Mashini ndogo inatumwa ndani ya telefone nyingi, kila telefone inaifundisha kwa maneno yaliyomo humo humo, na kinachotoka ni marekebisho, yaani tarakimu tu. Ujumbe uliomwandikia dada yako unabaki kwako. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha kazi inayofanana ya kujifunza kutambua magonjwa, kifua kikuu kikiwemo, bila hospitali kutoa data za wagonjwa wake nje. Huko hata mkaguzi wa katikati hayupo. Kila mmoja anabadilishana na wenzake. Kuna njia nyingine ya bila katikati ambayo watafiti wenyewe wameiita kwa jina la umbeya: mashini inamwambia jirani ilichojifunza, jirani anamwambia jirani. Wamama, safari hii umbeya umeingia chuo kikuu.

Sasa tusishangilie haraka. Kibodi ile ilipangwa hivi: telefone inajifunza wakati imechomekwa kwenye umeme, haitumiki, na iko kwenye intaneti isiyolipiwa kwa kipimo. Kwa faida ya mwenye telefone, ili betri na mega zake zisiliwe. Ni jambo jema. Lakini hesabuni ni nani kati yetu telefone yake inalala imechomekwa kwenye umeme usiku kucha, na intaneti ya bure juu yake. Wengi wetu tunachajisha kwenye kibanda kwa malipo, na mega tunanunua za siku moja. Mwito ukipigwa, telefone zetu hazipo darasani. Mashini itajifunza kwa wale walio na umeme, itaita hiyo ndiyo wastani wa dunia, halafu itatukisia maneno ya watu wengine. Na kobalti ya betri zile, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, inatoka ardhi yetu ya Kongo. Manono, katika jimbo letu hili hili la Tanganyika, kuna litiumu. Tunatoa betri, na bado hatumo katika hesabu.

Kuna hatari ya pili, na hii walimu tuliielewa upesi. Ukiwa na darasa lenye mwanafunzi mmoja na ukatuma "wastani wa darasa", umeshamtaja mtoto. Tarakimu nazo zinaongea. Mwaka 2019 watafiti watatu wa MIT, Ligeng Zhu, Zhijian Liu na Song Han, walionyesha kwamba kutoka kwenye yale marekebisho peke yake mtu mwenye ujuzi anaweza kurudisha picha au maneno yaliyotumiwa kufundisha. Kwa hiyo "sauti yako haitatoka" ni ahadi ya kuulizia zaidi.

Dawa moja tuliijaribu kikundini kwa maharagwe, na ilifurahisha hata wamama wasiopenda hesabu. Wamama watatu wanataka kujua jumla ya madeni yao bila mtu kujua deni la mwenzake. Wa kwanza ana deni la 4, wa pili 7, wa tatu 5. Wa kwanza na wa pili wananong'onezana namba ya siri, 20: wa kwanza anaiongeza, wa pili anaipunguza. Wa kwanza na wa tatu wananong'onezana nyingine, 9, vivyo hivyo. Wa kwanza anatangaza 33, wa pili 13 chini ya sifuri, wa tatu 4 chini ya sifuri. Mtunza feza akisikia hizo hajui deni la mtu yeyote. Akijumlisha anapata 16, nayo ndiyo jumla ya kweli. Mashini zinafanya namna hiyo kwa maelfu ya telefone kwa wakati mmoja. Mtunza sanduku wetu wa likelemba alitazama yale maharagwe muda mrefu, akasema kama tungejua hivyo zamani tungepunguza ugomvi mwingi.

Kijana alikuwepo siku ya maharagwe. Alisema wazi kwamba mashini yake haina nguvu za kufundisha kitu chochote, inashindwa hata kufungua nyimbo mbili pamoja. Tulimjibu kwamba hatumwombi hivyo. Tulimwuliza swali lile lile ambalo tungemwuliza mtu wa mashini kubwa: katika sauti hii, unahitaji nini kitoke nyumbani kwa huyu mama? Alifikiri. Akasema kilichomvuta kwanza ni makofi. Wamama wetu wakiimba arusi, kundi moja linapiga 3 wakati lingine linapiga 2, na yeye hakuwahi kupata hayo kwenye programu. Kigelegele aliongeza baadaye kwa sababu kilikuwepo.

Basi makofi yanaweza kuhesabiwa. Hayahitaji kubebwa.

Tulipatana hivi. Nyimbo za kikundi zinabaki kwenye telefone mbili za kikundi, na hazitumwi. Anayetaka kujifunza kutoka kwetu anakuja mkutanoni na daftari au na mashini yake, anasikiliza, anajaza visanduku vyake mbele yetu, anaondoka na mapigo. Sauti ya mtu haitoki bila mwenyewe kukubali, na kama amekufa, bila watoto wake. Akipata feza kwa wimbo uliotoka kwetu, sehemu moja ya kumi inaingia kwenye sanduku la mambo ya kijamii. Chifu hakuhitajika. Mama mzazi wa kijana ndiye aliyetaka maneno yaandikwe, na sisi tukayaandika nakala mbili.

Kijana alitengeneza wimbo mpya. Alikaa nasi Jumamosi tatu akihesabu makofi, akakosea, wamama wakamrudisha mwanzo bila huruma. Ni wa mbio, mapigo 210, na makofi yetu yamo, 3 juu ya 2. Mzee wetu mmoja wa kike alisema ni kama watu wanaokimbizwa na nyuki, halafu akaomba urudiwe. Binti ya marehemu alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia kijana asante mwanangu, ingawa hawapishani sana kwa miaka.

Ule wa kwanza kijana aliufuta mbele yetu, kwenye mashini na kwenye telefone yake. Lakini alikuwa ameshaupa rafiki, na rafiki aliupa mwenye nganda, na mwenye nganda anasema yeye aliununua pamoja na nyimbo nyingine 300 kwenye flashi moja, hajui ni upi. Wamama wawili walikwenda kusikiliza naye ili wautambue. Walipofika wimbo wa 40 umeme ulikatika.

Bado unapigwa. Binti ya marehemu akienda sokoni sasa anapita njia ya juu.